Gongo Lisipite Bega

Siku yangu ya kwanza kazini Maskati nilivaa kaptula ya kuazima na soksi za mtu mwingine. Filimbi peke yake ndiyo iliyokuwa yangu. Nilitoka nayo Unguja mwaka sitini na nne, ikiwa ndani ya mfuko wa koti, maana tulivyoondoka hatukupata nafasi ya kuchagua cha kubeba. Mke wangu Zuwena alinicheka sana. "Wenzio wamebeba dhahabu, bwana, wewe umebeba filimbi!" Nikamwambia dhahabu haijawahi kusimamisha mchezo.

Nyinyi vijana mnaochezesha leo kwenye nyasi za bandia, na walinda mlango waliovikwa mpaka usoni, itabidi nikuelezeni hoki yetu ilikuwaje. Kiwanja chetu kilikuwa katika bonde la Ruwi, udongo na changarawe. Asubuhi ya mechi tulikimwagia maji na kukishindilia kwa pipa lililojazwa zege. Mpira ulikuwa mgumu kama jiwe, gongo la mti, na kichwa cha mchezaji kilikingwa na nywele zake tu. Makampuni yalikuwa na timu zao, na mtu hodari aliajiriwa kwa ajili ya gongo lake. Kwenye karatasi ni dereva au mpishi, lakini gari hajapata kuliendesha na jikoni haonekani. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja, na kila Ijumaa nikawa mwamuzi wa ligi.

Aliyenipokea ni Mwamuzi Mkuu, mzee wa Kihindi aliyekaa Mombasa miaka mingi, mfupi, mkali, na kofia yake haikutoka kichwani hata akinywa chai. Siku ile ya kwanza alinisimamisha katikati ya kiwanja kabla ya wachezaji kuingia.

"Wewe nafuata mpira kwa macho?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe mtazamaji, lipa kiingilio! Mwamuzi natazama bega. Mpira hapana nia. Bega iko nia."

Somo zima la kazi yetu lilikuwa hilo. Zamani zile mchezaji alikatazwa kabisa kuinua gongo kupita bega lake, akipiga au akimaliza kupiga, na kosa hilo tukiliita bega tu. Ukilisubiri gongo mpaka lifike juu umechelewa. Lazima ulione bega likijikusanya, ndipo filimbi iwahi mdomoni. Waamuzi tulikuwa wawili, kila mmoja na nusu yake ya kiwanja, na aliyekosewa katika nusu yako ni dhamana yako wewe.

Adhabu zilikuwa na ngazi. Likipita bega bila kumgusa mtu, wapinzani wanapewa mpigo huru. Mchezaji akirudia, anaonywa. Akishupaa, anakaa nyuma ya goli lake mpaka umwite. Lakini gongo likimpata mtu kichwani, aliyepiga anatoka na msimu wake umekwisha. Kanuni hii ya mwisho tuliitunga sisi wawili, mimi na Mwamuzi Mkuu, baada ya kuwaona vijana wengi mno wakibebwa. Tukaongeza kifungu kwamba adhabu ya kichwa haifutwi na kamati. Anaifuta aliyeitoa, peke yake. Najivunia kifungu kile hadi leo, ingawa nusura kinitoe Maskati.

Timu ya kampuni yetu ilikuwa na mshambuliaji jina lake Salim, kijana wa Matrah, mrefu, mwenye mikono myepesi ajabu. Siku alipocheza yeye watu walipanda hadi majabalini kumtazama. Ijumaa moja, karibu na mwisho wa msimu, timu hiyo ilicheza na timu ya bandari, nami nikichezesha. Mlinzi wao alikuwa Nasser, mtu wa Qantab, mpole, aliyemkaba Salim mchana kutwa bila kumpa pumzi. Mpira ukadunda kati yao. Nikaliona bega la Salim likijikusanya, nikapiga filimbi, na filimbi bado inalia gongo likashuka. Nasser aliangukia uso. Nilimtoa Salim pale pale, na watu wa majabalini walinitukana kwa lugha zote nilizozijua na nyingine sijazijua mpaka leo.

Nasser alilazwa hospitali siku nyingi. Alipona, alhamdulillahi, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Sasa, Oman watu wakikosana wazee huingia kati na kufanya sulhu, na sulhu ina adabu zake. Ukimwendea mtu na haja, unapewa kahawa, unakipokea kikombe na kukiweka chini. Hunywi. Mwenye nyumba anaelewa kwamba hutainywa mpaka akukubalie. Wageni kutoka nyumbani kwako wameacha kahawa yako ni aibu itakayozungumzwa mtaa mzima. Watu wa Salim walikwenda hivyo kwa Nasser, na Nasser akasamehe. Kisha wakaja kwangu.

Alitangulia Katibu wa Ligi, ambaye pia alikuwa msimamizi wangu kazini, mtu aliyezaliwa Unguja kama mimi. Wazee wakafuata, kisha Salim akiwa ameinamisha kichwa, na mwisho kabisa Nasser mwenyewe, bendeji kichwani. Niliwamiminia kahawa, na vikombe vyote vikawekwa chini, juu ya mkeka wa chakula, mbele yangu.

"Ya hakam," alisema Katibu, akiniita mwamuzi kwa Kiarabu, "sisi hatuna maneno mengi. Fainali inakuja. Mwenye kichwa keshasamehe, na huyu hapa mbele yako. Mfungulie kijana."

Nikamgeukia Nasser. "Kweli umesamehe?"

Akawatazama wazee kwanza. "Nimesamehe," akasema. "Wallahi nimesamehe."

"Mungu akulipe. Umesamehe kichwa chako, na hiyo ni haki yako. Lakini adhabu hii ni ya vichwa vya wenzio wote, na hivyo huwezi kuvisamehe wewe."

Katibu alibadilika rangi. "Maalim, usisahau. Kibali chako cha kukaa nchi hii nnakipeleka mimi kila mwaka. Nna uwezo wa kutokukipeleka."

Nilikuwa na watoto wadogo, na kurudi tulikotoka haikuwezekana. Sitawadanganya, niliogopa. Ndipo nikamsikia Zuwena nyuma ya pazia, sauti yake wazi kabisa:

"Mwambie hapana, bwana. Kuhama tushahama mara moja, twajua kunavyokuwa."

Nikasema hapana. Wakaondoka mmoja mmoja, na kahawa ikabaki imejaa katika kila kikombe. Niliona haya, lakini nilikuwa na raha pia, na raha ilizidi.

Wiki ile ile nikaondolewa katika ligi, na Katibu akaifuta adhabu kwa mkono wake. Mwamuzi Mkuu alipopata habari alikataa kuchezesha fainali, wakatafutwa waamuzi wengine. Siku ya fainali, kampuni dhidi ya bandari, nilikwenda nikasimama na watazamaji. Timu zikaingia. Salim hakuwamo. Watu wakanyoosha shingo, kumbe amekaa chini pembeni ya mstari, amevaa dishdasha na kofia yake kama anayekwenda harusini. Katibu alimwendea mbio, akamshika mkono kumwinua.

Salim hakuinuka. "Hakam hajanifungulia," alisema.

"Nimekufungulia mimi!"

"Wewe hukuwa na filimbi siku ile."

Kampuni ikafungwa. Salim alifukuzwa kazi siku iliyofuata, na hakulalamika. Mimi Katibu hakunigusa. Nadhani aliona mji mzima umesikia, na mwisho wa mwaka kibali kikapelekwa kimya kimya. Msimu uliofuata nikarudi kiwanjani, na Salim akachezea timu nyingine.

Ilipofika mwaka sabini akatawala Sultani mpya, nchi ikafunguka na wenzetu wengi wakaja kutoka Afrika. Nikaingia wizarani na kufundisha waamuzi mpaka nilipostaafu. Siku hizi nakaa Al Khuwair, na wanafunzi wangu wanaopita na magari yao kwenda maofisini hunipigia honi. Nimepewa vyeti na ngao, viko kabatini, mjukuu wangu anavifuta vumbi. Kila akija mgeni huniuliza fahari yangu kubwa katika kazi ni ipi, akitegemea nitalifungua lile kabati.

Namwambia ni fainali ambayo sikuichezesha. Mpira ulipokwisha, watu wa bandari wakishangilia, Nasser aliwakimbia wenzake. Akapita mbele ya wazee bila kuwatazama, akapita mbele ya Katibu, akaketi changaraweni kando ya Salim. Kisha akanigeuzia sikio lake zima, akaniita kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Ya hakam! Siku ile nyumbani kwako walisamehe wazee. Leo nimesamehe mimi."