Mashine ya Diski Chini ya Chandarua, Kang'ata

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya picha ambayo sikuiamini. Ilitumwa na mwanamke wa Handeni aitwaye Mwajuma, muuza vitenge, baada ya mimi kuandika kwenye kundi la watu wanaouziana vifaa chakavu vya umeme kwamba natafuta mashine ya diski ya zamani. Picha ilionyesha sanduku la chuma la rangi ya maziwa lenye kioo cheusi mbele, na juu yake mtungi wa maji. Nilipoomba picha ya nyuma, akasema simu inakata chaji. Nilipoomba ya ndani, akasema ndani hakufunguliwi, na kwamba nije kabla ya Ijumaa. Mtu anayeuza kitu kisichofunguliwa, tena kwa haraka, ana jambo lake.

Niwaeleze kwanza nilichokuwa nakitafuta. Chumbani kwangu Ubungo ninayo kompyuta iliyotengenezwa kabla wazazi wangu hawajaoana. Watu wa enzi hiyo waliiita kompyuta ndogo, ingawa ina kimo cha kabati la nguo na ilipandishwa ngazi na wanaume wanne waliokuwa wakinisema njia nzima. Kazi ambayo kwenye simu yako inafanywa na kipande kidogo kuliko ukucha, humo imegawanywa kwa mamia ya transista, kila moja unaweza kuishika kwa vidole. Jioni baada ya kazi nilibadilisha kapasita zilizovimba na kuchomea upya nyaya zilizokatika, mpaka taa za mbele zikaanza kuwaka kwa mpangilio. Kilichobaki ni diski. Mashine yake ya diski ilidondoshwa kabla sijaipata, na vichwa vyake viwili vya kusomea, kimoja cha juu ya sahani na kimoja cha chini, vilivunjika. Bila hivyo kompyuta huwaka, husubiri kitu cha kusoma, na huendelea kusubiri. Sijawahi kumsikia mtu mwingine nchini mwenye mashine ya aina hiyo. Niliosoma nao chuo huniuliza napata nini. Huwa nawajibu kwamba napata usingizi mzuri, nao hawaniamini.

Korogwe ndipo nilipoteremka, siyo Handeni. Mwajuma alikuwa amesema baba yake aliipata kwenye ofisi ya shamba la mkonge jirani na Korogwe, nami nilitaka kuipima hadithi hiyo kabla hajajua kwamba nimefika. Mjini nilielekezwa kwa Bwana Karim, mzee wa asili ya Kihindi ambaye familia yake imeuza vifaa vya umeme hapo tangu utoto wake. Alinikaribisha soda, akakumbuka bila kusitasita. Alikuwa kijana alipotumwa kupeleka fyuzi kwenye ofisi hiyo, akaambiwa avue viatu kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, kwa sababu ya vumbi. Kulikuwa na baridi humo, akasema, mpaka karani alivaa sweta huku nje jua linachoma.

Hadithi ikawa imesimama. Nikaanza kujisikia mjinga kwa kushuku, ndipo Bwana Karim aliponiangalia begi, kisha viatu.

"Na wewe ni wa mekyuri?"

Nikasema hapana.

"Wote husema hapana," akajibu, na soda ya pili haikuja.

Akanifahamisha kwamba kila baada ya muda hupita watu wanaotafuta redio za mbao, cherehani na televisheni kuukuu, wakidai kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu yenye thamani kuliko dhahabu. Mekyuri, kama wanavyoiita. Yeye binafsi amefungua redio maisha yake yote na hajawahi kuiona. Nilipoaga alinitakia safari njema kwa namna ya mtu anayemwonya mwizi kistaarabu.

Asubuhi iliyofuata nilifika Handeni. Mwajuma alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyenisalimia vizuri huku akitazama nyuma yangu kuona nimeandamana na nani. "Umekuja peke yako kweli, mdogo wangu?" Nilipoinama kufunga kamba za viatu nilimwona akinipiga picha kwa kujifanya anaandika ujumbe. Sikulalamika, kwani na mimi nilikuwa nimeshamtumia rafiki yangu picha yake kutoka kwenye mtandao, na jina la mtaa.

Njiani kwenda Kang'ata, kijijini kwa baba yake, tulipanda Noah iliyosheheni magunia, na hapo ndipo aliponipa sababu ya haraka yake. Baba yake, Mzee Mhina, na mdogo wake, Mzee Bakari, wanalima mashamba yanayopakana. Kila Ijumaa baada ya swala walikula sinia moja, tangu ujana wao. Tangu mashine ile ianze kusemwa, Mzee Bakari hali kwa kaka yake. Hupita mbele ya nyumba, hutoa salamu, huenda zake. Mwajuma alitaka kitu hicho kitoke kabla ya Ijumaa nyingine kama hiyo. Nilimsikiliza nikiangalia mahindi dirishani na kujiuliza kama hii nayo ni njia ya kupandisha bei.

Kang'ata tulimkuta Mzee Mhina amekaa kwenye kigoda, akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kona ya sebule. Ilikuwa hasa aina niliyoitafuta. Mtungi bado ulikuwa juu yake. Mzee alikuwa dereva wa ofisi ile, na walipofagia chumba aliambiwa akatupe lile sanduku, naye akaona chuma kama kile hakitupwi. Likabeba mtungi miaka yote hiyo bila kumkosesha mtu amani, mpaka walipokuja wanaume wawili wenye viatu safi na kitunguu saumu. Walimweleza kwamba kitunguu kikisogezwa karibu na mekyuri hukimbia chenyewe.

"Kikakimbia?" nikauliza.

"Kikakimbia. Alikuwa amekishika mwenyewe."

Wanaume hao waliahidi kumleta mnunuzi, hawakurudi. Ila Mzee Bakari alisikia, akahitimisha kwamba kaka yake ameshauza kilichomo na kubakiza sanduku tupu la kuzugia watu. Sanduku walilikuta wote wawili, akasema, siku ambayo yeye alimsaidia kulipakia garini. Basi na fungu lake liko wapi?

Mzee Mhina akanigeukia. "Wewe nawe sema kweli. Ukishaitengeneza, itafanya nini?"

Nikamwambia itahifadhi namba, na kompyuta itazijumlisha.

"Simu yangu inajumlisha."

"Ndiyo, mzee. Kwa haraka zaidi."

"Sasa?"

Nikasema nataka tu kuiona ikifanya kazi. Yeye na binti yake wakasemezana Kizigua, lugha ambayo siielewi hata neno, na nilijua wanajadili uongo wangu. Ukweli wangu ulikuwa dhaifu kuliko kitunguu.

Alipomaliza alinipa sharti. Mashine nitaichukua, bei si tatizo, lakini kwanza niifungue hapo uwanjani, mchana, Bakari na majirani wakiona. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo njia ya kuiua. Vichwa vile hupita juu ya sahani vikiachana nayo kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, na uwanja wake ulikuwa vumbi mtupu. Nilikusudia kuifungulia chumbani kwangu, kwenye hema la nailoni nililolishona kwa kazi hiyo. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa upole. "Kila mtu huja na sababu ya kutofungua."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishuku picha ya binti yake kwa sababu hiyo hiyo.

Ijumaa, baada ya swala, tuliumwagia uwanja maji mpaka ukawa mweusi. Mwajuma akafunga chandarua chake kipya kwenye miti minne, akazungushia shuka mbichi upande wa upepo na kuacha pande nyingine wazi ili watu waone. Chandarua hakizuii vumbi lote, lakini ndicho kilichokuwepo. Nikaingia na mashine na bisibisi. Majirani wakasogea, wakaketi kwenye magogo na ndoo zilizofunikwa, kama wamekuja kumwangalia kinyozi. Mzee Bakari alisimama. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake, na macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu.

Niliwaonyesha skrubu za kifuniko. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imezifunika bila mkwaruzo. Hakuna aliyewahi kuzigusa.

"Rangi hupakwa," akasema Mzee Bakari.

Ni hoja ambayo ningeitoa mimi. Nikafungua. Ndani mlikuwa safi kuliko nilivyostahili: mota, mkanda uliokauka, na vile vichwa viwili vimerudi nyuma kwenye maegesho yake, kila kimoja juu ya kibanzi cha chuma chembamba kama jani la mchaichai. Nilikaza kwanza kile kizuizi kinachovishika visitembee safarini. Kisha nikawaonyesha kila pembe kwa tochi. Hamna mekyuri, nikasema.

Mzee Bakari akasema mikono yangu ni myepesi, na huenda nimeshaihamisha. Akataka begi. Nikalipitisha chini ya chandarua, likamwagwa kwenye mkeka: betri, kanga, biskuti. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akavua ndala zake, akainua chandarua, akaingia, akachuchumaa karibu yangu. Alinukia ugoro. Niliomba kimoyomoyo asipige chafya.

Hakupiga. Alinyoosha kidole.

Nilikuwa na muda wa kumzuia. Kama ningesema usiguse, uwanja mzima ungejua kwamba pale ndipo ilipo, na Mzee Mhina angekula peke yake Ijumaa zote zilizobaki. Kama ningenyamaza, ningepoteza nilichokifuata. Nikanyamaza. Kidole kikaingia kati ya vichwa, kikakisukuma cha juu, na nikasikia mlio mdogo wa kibanzi kupinda. Akapapasa kila mahali, kwa uangalifu kama anatafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kisha akakitoa kidole, akakinusa.

"Mafuta tu," akasema. Akarudia kwa Kizigua kwa wale wa nje.

Mwajuma akaleta bakuli na birika. Mzee Bakari akanawa, akalisugua lile doa la mafuta mara kadhaa, akaketi kwenye mkeka mkabala na kaka yake. Sinia lilikuwa la ugali na kuku wa nazi. Hawakuongea kuhusu mashine. Waliongea kuhusu nyani mahindini. Nilipokaribishwa niliwaona wote wawili wakiniachia kipaja, na sikujua nimshukuru nani.

Kurudi Dar, kondakta aliuliza sanduku ni la nini kabla ya kulisukumia kwenye buti. Nilianza kumweleza ukweli, nikaona uso wake unabadilika. Nikasema ni spea ya friji. Akaniamini papo hapo.

Nilichokipata safarini ni kidogo, lakini ninacho. Nilidhani mwenye shaka huridhika akionyeshwa. Mimi mwenyewe sikuiamini mashine ile mpaka nilipoiona imefunguliwa, na aliyenizidi shaka hakuridhika mpaka alipoigusa. Na kugusa kunaharibu kitu.

Wiki chache baadaye niliiwasha. Sahani ilizunguka, vichwa vikatoka, na kompyuta iliyokuwa ikisubiri ikaanza kusoma. Cha chini kilisoma kila kitu. Cha juu hakikuona kitu. Jioni hiyo Mzee Mhina alipiga simu kuuliza kama imefanya kazi. Nikamwambia imefanya, upande mmoja.

Akacheka taratibu. Bakari anakuja kila Ijumaa, akasema, anakula vizuri. Ila jana, wakati wa kunawa, alimuuliza kama yule binti wa Dar hajapiga simu kusema amepata nini.

"Na huku basi," akasema, "upande mmoja."