Cheupe cha Katikati

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: siku ya akika ya mtoto wa dada yangu, mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, nilijifungia chooni na blanketi la mtoto, wembe mkononi, na wageni wamejaa uani wananigongea mlango. Mkitaka kucheka chekeni, lakini mimi sikuwa nacheka.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Bwiza, mtoto akizaliwa hanunuliwi blanketi, anashonewa la viraka. Kila mtu wa nyumba anatoa kipande cha nguo yake, huyu kitenge, yule shati, mwingine mtandio, na kipande hakichukuliwi hivi hivi, kinaombwa, mwenyewe anakikata kwa mkono wake na kumwombea mtoto dua hapo hapo. Aliyeanzisha ni Bibi Zaituni, mama yake baba, na ndiye aliyenifundisha kushona nikiwa na miaka sita (wenzangu wanacheza mpira, mimi naunganisha pembe na pembe), na ukweli ni kwamba kila ninachojua kutengeneza kilianzia miguuni pake: mikoba, mapazia, na leo hii viti vya magari, ndivyo vinavyonilisha. Nikiona vitambaa viwili havijaunganishwa, mikono inaniwasha. Huo ndio ugonjwa wangu, na ndio ulioniponza.

Dada yangu Hadija alipojifungua binti, Bibi akasema macho yake yamechoka, safari hii nishone mimi. Nilivimba kichwa jamani! Nikazunguka nyumba nzima kuomba vipande, nikashona siku nne, kikabaki kimoja tu, cheupe cha katikati. Hicho Bibi alisema, "Cheupe niachie mi. Kiko mu sanduku yangu." Halafu akaenda mtaa wa Buyenzi kukaa na rafiki yake mgonjwa, akakawia, na mimi alasiri ya kuamkia akika nimekaa na blanketi lenye tundu katikati, mikono inawasha. Nikajiambia, si amesema kiko sandukuni? Nikafungua.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, nikakuta kitambaa cheupe, kipya, pamba tupu, kimekunjwa kwa heshima, kinanukia kafuri. (Harufu niliisikia, nisiseme uongo. Nilidhani ni ya kufukuza wadudu.) Na kwa kuwa mimi ni fundi wa madaha, sikukata pembeni kwenye pindo, nikakata katikati kabisa, penye uzuri wake. Kabla ya magharibi nimeshona, nimempelekea Hadija, na mtoto kalala humo.

Asubuhi mbuzi yuko jikoni, Bibi amerudi, ananifuata na kitambaa kidogo cheupe mkononi. "Rama, shika cheupe yako. Ni ya kanzu ya babu yako. Shona mbio mbio, watu wanakuja."

Masikio yakawa baridi. "Bibi, na ile ingine nyeupe, yenye iko chini mu sanduku?"

"Ile usiguse. Nilitoka nayo Maka, niliisafisha na maji ya Zamzam. Ni sanda yangu ile."

Sanda! Mtoto wa siku saba amelala usiku kucha ndani ya nguo ya kaburini! Nimesoma madrasa, najua kitambaa hakiui mtu, lakini siku ile yote niliyosoma yalinikimbia. Nikakimbilia chumbani kwa Hadija, nikamwekea mtoto kidole chini ya pua. Anapumua. Akapiga chafya, nusura nianguke. Na Bibi je? Nani anakata sanda ya mtu aliye hai? Niliona kama ni mimi ninayemsukuma aende.

Mwenye akili angesema pale pale. Mimi nikamtoa mtoto taratibu, nikamlaza kwenye kanga, nikachukua wembe na kile kipande cha kanzu, nikaingia chooni. Mpango wangu ulikuwa nifumue, nibadilishe, nirudishe, nani atajua? Lakini Bibi ndiye aliyenifundisha kushona kwa uzi wa mara mbili, mshono usiofumuka, nami nahangaika na uzi mmoja mmoja, jasho linanidondoka, na huko nje wakati umefika wa blanketi kupita mapajani mwa watu, kila mtu atafute kipande chake na kumwombea mtoto.

"Mutoto amebaki wazi!" Ni sauti ya Hadija. "Blanketi iko wapi?"

Haikupita dakika, mlango unagongwa. Ni shangazi yangu Salama, na sauti yake mnaijua, inafika barabara kubwa. "Rama! Uko na nini mule?"

"Ni tumbo, shangazi."

"Tumbo na blanketi? Mi naona pembe yake chini ya mulango!"

Komeo letu ni msumari tu. Ukaachia. Nikatokea mbele ya ua mzima, wembe mkono mmoja, blanketi lenye tundu mkono mwingine, kile cheupe nilichokifumua kimening'inia begani.

Bibi akasogea, akakichukua, akakinusa. Sikungoja aulize. "Bibi, nimekata sanda yako."

"Astaghfirullah!" Shangazi Salama huyo. "Mutoto amelala mu sanda! Ichomwe!"

Hadija alimkumbatia mtoto akarudi nyuma, ananitazama mimi, kaka yake, kwa woga. Lakini niliyemwogopa mimi ni Bibi. Niliogopa aseme nisishike tena sindano nyumbani kwake.

"Mutoto ananyonya?" Bibi akauliza.

"Ananyonya," Hadija akajibu.

"Basi apana kuchoma kitu. Mi nitaenda chini, hiki kitabaki juu na yeye. Rama, kirudishe. Na ile ya babu yako utaishona mu sanda yangu, pale penye ulitoboa."

"Mama, sanda haishonwi!" shangazi akadakia.

"Mutauliza shehe. Mi nitakuwa nimelala."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Wageni walipokwisha kula akaniketisha mkekani, sanda magotini kwangu, nyeupe juu ya nyeupe, na mkono wangu ukakataa kabisa kutia uzi kwenye sindano, akautia yeye, yeye asiyeona vizuri. Nikashona. Akapapasa kwa kidole: "Fumua." Nikashona tena. "Fumua." Mara ya tatu alijiwekea kitambaa kifuani, akakinyoosha kwa viganja, akasema, "Hapa ni pazuri," akakunja.

Tangu hapo nimeapa, sanduku la mtu sifungui hata kama ufunguo amenipa mwenyewe mkononi, na mkasi wangu hauguswi mpaka mwenye kitambaa asimame mbele yangu. Mshono ule hauonekani ukitazama. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na kila nikimaliza kuswali namwomba Mungu nisije kuiona tena.