Doa la Kidole Gumba cha Hazel

Merle Stambaugh alipofungua boksi siku aliyotimiza miaka sabini na mmoja, damu ilimchemka. Ndani mlikuwa na bastola yake mwenyewe, ile kuukuu ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili. Sasa ilikuwa nyeusi tititi, inang'aa kama imetoka kiwandani jana.

"Ulidhani naipeleka kubadilishwa springi tu, eh?" binti yake Trudy alisema huku akipiga makofi. "Fundi kaisugua yote, kaipaka rangi upya!"

"Aisee, Merle," jirani yake Clete alidakia, keki mdomoni, "bibi kizee kageuka bibi harusi!"

"Funga mdomo, Clete."

Kila anayependa bastola za zamani anajua kwamba rangi ya asili haiguswi, kwani ikiguswa tu thamani imekwenda. Lakini Merle hakuwa anawaza bei. Juu ya mpini, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeupe ambapo kidole gumba cha mama yake, Hazel, kilikaa kila Jumapili kwa miaka thelathini, akilenga makopo ya maharage nyuma ya banda. Hazel hakuwa na subira ya kufuta bastola. Jasho lake lilikula rangi mpaka chuma kikaonekana. Tangu wamzike, Merle alikuwa akiweka kidole chake palepale. Sasa mpumbavu mmoja mwenye msasa alikuwa amepafuta.

"Nani alikutuma?" alifoka. "Umemfuta mama yangu! Alama ya kidole chake ilikuwa hapa, hapa!"

Tabasamu likamkauka Trudy. Kisha naye akapandisha.

"Ningejuaje, Baba? Miaka arobaini na minne hujaniruhusu kupiga hata risasi moja! 'Usiguse, Trudy. Kaa mbali, Trudy.' Bibi alikuwa tayari kunifundisha, ukanifukuza wewe!"

Maneno hayo yalimzidishia Merle hasira. Akabeba bastola na risasi, akaenda nyuma ya banda kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana. Trudy akamfuata. Merle akapanga makopo matano mbele ya tuta la udongo, akamtupia binti yake vizibo vya masikio.

"Vaa. Piga."

"Baba, mimi sijui..."

"Piga, nimesema! Kidole gumba weka hapa. Siyo hapo. Hapa!"

Risasi nne zilikwenda ovyo. Ya tano ikarusha kopo. Merle hakumsifu; yule fundi, angempata angemkaba.

Trudy alitoa risasi zilizobaki, akachukua kitambaa cha mafuta. Tangu utotoni alikuwa akimwona baba yake akifuta jasho la mkono kwenye kila silaha kabla ya kuirudisha ndani.

"Acha," Merle alisema, kwa ukali uleule. "Usiifute."