Fimbo ya Mpera

Neno la siku ile lilikuwa *mistake*. Nililiandika ubaoni, nikawaeleza wanafunzi wangu wa darasa la saba, taratibu kama nilivyozoea, kwamba Mwingereza hulitumia kwa kosa la mtu aliyekuwa anajaribu kupatia. Mwizi akiiba, hilo si *mistake*. Anayevuka mto akakanyaga penye kina, huyo kafanya *mistake*.

"Kwa hiyo msiliogope," niliwaambia. "Asiyejaribu hana hata moja."

Kisha nikawapa imla ya maneno ishirini, nikasahihisha, nikachukua fimbo.

Ndivyo tulivyofundisha kijijini Ruhembe miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kosa moja, fimbo moja ya kiganja, darasa zima likihesabu kwa sauti. Fimbo zenyewe zilitoka nyumbani. Mwanafunzi alikuja na jembe, na kuni, na zamu yake ikifika, fimbo. Sikuona ubaya. Mimi mwenyewe nilisomeshwa hivyo hivyo.

Msichana mmoja alikosa maneno tisa. Kwa hesabu hakuwa na mwenzake, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki wiki tano. Kijiji chetu hakikuwa kimewahi kupeleka msichana sekondari, na sote tulimtegemea yeye. Labda ndiyo maana nilimchapa kwa hasira kuliko wengine. Fimbo ya sita ilipasua kiganja. Ya nane, alikunja mkono, ikatua kwenye vidole, na nikasikia mfupa ukikatika kama muwa. Hakulia. Darasa likasema, "Nane." Nami nikamwambia atoe mkono wa pili, nikapiga ya tisa.

Mama yake alikuwa mkata miwa. Kesho yake aliingia darasani moja kwa moja kutoka shambani, masizi ya miwa iliyochomwa yakiwa usoni, panga mkononi. Nilimwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, aliuliza binti yake alifanya kosa gani, nikamweleza habari ya imla. Akauliza kama alikosea makusudi. Nikasema hapana.

"Na wewe mwalimu, kidole ulikivunja makusudi?"

"Hapana, mama. Nilikosea."

"Basi toa mkono."

Aliweka panga juu ya meza yangu, akachukua ile fimbo ya jana. Nilitoa mkono wa kulia. Alinipiga kwa nguvu za mtu anayekata miwa kutwa nzima. Ngozi ilichanika, damu ikadondokea daftari la mahudhurio, na darasa, kwa mazoea tu, likasema, "Moja."

Nikadhani yamekwisha. Lakini alinirudishia fimbo, akatandaza kiganja chake mbele yangu.

"Sasa mimi," alisema. "Hii ni ya mpera. Niliikata mwenyewe nikampa alete. Nilichagua ambayo haivunjiki."

Sikuweza. Alingoja, kiganja kikiwa wazi. Hapo binti yake akainuka na kidole chake cha mkono wa kulia kilichofungwa kitambaa, akaninyang'anya fimbo, akailaza mezani, akashika panga la mama yake kwa mkono wa kushoto na kuikatakata. Vipande viliruka mpaka dirishani. Meza ile ilibaki na alama tatu mpaka nilipohamishwa.

Nilimwambia mama kwamba mkono uliokata vile ungeweza na kuandika. Alikunja uso. "Kushoto?" aliuliza. Halafu akasema kuandika si kula, afundishwe.

Tukaanza siku ileile. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba, kwa hiyo na mimi niliandika ubaoni kwa kushoto, herufi zikiyumba kama walevi, darasa likicheka, na msichana naye akicheka. Nilimtia moyo kila alasiri. Kila mstari alioumaliza niliusifu, na haikuwa sifa ya uongo. Lakini wiki tano ni chache. Siku ya mtihani alimaliza hesabu. Katika karatasi ya lugha, muda uliisha kurasa mbili zikiwa tupu.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, lake halikuwamo. Sikutaka wazisikie habari hizo kwa mtu mwingine, nikaenda kwa miguu hadi kwenye miwa. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanionyesha safu ya tatu. Binti yake alikuwa pale, amejifunga kanga kiunoni, anakata kwa mkono wa kushoto.