Ngamia Aliyetazama Kulia

Nitawasimulia, lakini mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mwanzoni, maana huko mbele mimi mwenyewe sicheki. Mimi ndiye yule fundi wa Garissa aliyempokonya mjomba wake ngamia kwa pasi. Ndiyo, pasi, hii hii ya kunyooshea nguo. Sikuiba, sikusema uongo, sikumtukana mtu. Nilipiga pasi tu, na hadi leo nikipita sokoni kuna wazee ambao wakiniona hugeuza shingo upande mmoja, halafu polepole upande wa pili, kama wananiuliza leo tuko upande gani, nami huvuta shela yangu na kukaza mwendo kama sijaona kitu.

Kazi yangu wengi mnaijua. Nina kibanda na cherehani ya miguu, nashona mablanketi ya viraka kutokana na mabaki ya mafundi wenzangu, vipande vya dera, vya baibui, vya kikoi, chochote wanachofagia jioni, na juu ya blanketi nashona sura ya mnyama wa mtu. Mteja ananiletea picha kwenye simu, paka wake, mbuzi wake, punda wake aliyekufa, nami namkata kwa vitambaa na kumpanga pale hadi mwenyewe akimwona anamwita jina. (Mama yangu haipendi kazi hii hata kidogo. Malaika hawaingii nyumba yenye picha, ananiambia, nami namjibu kwamba wanyama wangu nawashonea macho yaliyofumbwa, wamelala tu, naye hushusha pumzi na kwenda zake.) Katika ukoo wetu mzima ni mtu mmoja tu aliyeiita kazi hii kazi, naye ni Abti Gedi, kaka yake mama. Abti ndiye aliyenilea kule Hulugho baba yangu alipofariki, na ndiye aliyeniletea cherehani juu ya lori la mbuzi, ameikumbatia njia nzima isivunjike.

Sasa Abti alikuwa na ngamia jike aitwaye Adey, mweupe, mpole, mwenye maziwa ya kutosha watu na wageni wao. Mimi nimekunywa maziwa ya Adey hadi nikawa mtu mzima. Ukame ulipopita ulimmalizia Abti karibu kila kitu, wakabaki Adey na mabinti zake wawili, na hao ndio waliokuwa mali yake, heshima yake, na sababu yake ya kuamka asubuhi.

Lakini Adey alikuwa na kesi. Alipokuwa ndama alipotea porini kabla hajapigwa chapa, na alipopatikana, Abti akasema ni wake, na Mzee Hirsi, jirani yake wa malisho, naye akasema ni wake. Hawa wawili babu yao ni mmoja, kwa hiyo hata chapa yao ni moja, mstari na kitone chini yake. Tofauti ni upande. Watu wa Abti huchoma shingo ya kushoto, watu wa Hirsi huchoma shingo ya kulia. Wazee walikaa, wakasikiliza, wakaamua ndama ni wa Abti, naye akamchoma kushoto. Mzee Hirsi akakubali kwa mdomo. Moyoni, Mungu ndiye ajuaye.

Basi miaka ikapita, na mwana wa Mzee Hirsi akamposa Ifrah, binti wa Abti. Watu wakasema alhamdulillahi, ile kesi sasa imezikwa. Abti akanipigia simu, sauti yake imejaa furaha kama ya kijana, akaniambia, "Mshonee Ifrah blanketi la Adey aende nalo kwake, asisahau maziwa aliyonywa." Ifrah akanitumia picha, Adey amesimama anatazama kushoto, chapa inaonekana wazi shingoni.

Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Vitambaa vyangu navibandika kwa karatasi ya gundi. Unachora mnyama juu ya karatasi, unaipiga pasi nyuma ya kitambaa, unakata, ukigeuza kitambaa upande wake mzuri, mnyama naye amegeuka. Aliyekuwa akitazama kushoto sasa anatazama kulia. Fundi mwenye akili huugeuza mchoro kwanza, auweke kwenye kioo cha dirisha, auchore upya kwa nyuma, ndipo apige pasi. Mimi siku ile stima ilikuwa inarudi na kupotea, joto lilikuwa la kukausha mate, harusi ilikuwa kesho, na kwa paka na mbuzi wote niliowahi kushona hakuna aliyelalamika kwamba paka wake anatazama upande usio wake, kwa hiyo stima iliporudi nikajiambia, "Ngamia ni ngamia, akitazama kushoto, akitazama kulia, maziwa ni yale yale," nikapiga pasi.

Akatoka Adey! Mwili niliukata kutoka kanzu kuukuu ya babu, nyeupe iliyoingia umanjano, na chapa nikaishona kwa uzi mweusi pale pale shingoni kama kwenye picha. Halafu nikapitisha uzi wa kahawia kumzunguka mwili mzima, hadi nyuma ya blanketi, ili asibanduke. Wanawake wa sokoni wakaja kumshika, wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeona kosa, maana sisi watu wa mjini ngamia tunamjua kwa kikombe.

Siku ya harusi wageni walikaa uani kwa mama yangu hapa Garissa, wanaume chini ya turubai moja, wanawake chini ya jingine, sheikh anangojwa aje kufunga nikahi. Abti alikuwa amevaa kofia mpya, anamkaribisha kila mtu mara mbili. Ningekuwa na adabu ningelipeleka blanketi ndani kimya kimya likakunjwa na vyombo vya bibi harusi. Lakini sifa, jamani, sifa! Nilitaka wale wote waliosema nacheza na matambara waone. Nikafunga kamba kati ya turubai na turubai, nikalitundika pale ambapo pande zote mbili zitaona upande wa viraka, nikasimama kando yake nimeshika kiuno kama mwenye duka.

Mwanzo watu walifurahi. Kisha nikaona upande wa wanaume wazee wanaanza kuinamiana. Mzee Hirsi akainuka na fimbo yake, akaja hadi kwenye kamba, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni Adey?" akaniuliza.

"Ndiyo, adeer," nikamjibu, yaani ami, nimejaa heshima na majivuno, "ni Adey mwenyewe."

"Wewe umekua kwa maziwa yake?"

"Ndiyo, adeer."

"Unamjua vizuri?"

"Kama ninavyomjua mama yangu." (Hakuna aliyenilazimisha. Maneno yalitoka yenyewe, yamevaa viatu.)

Mzee Hirsi akawageukia wenzake. "Mmemsikia. Anamjua kama mama yake, na chapa ameiweka kulia."

Nilitazama blanketi langu. Adey wangu alikuwa anatazama kulia, ametutolea ubavu wa kulia, na mstari na kitone viko shingo ya kulia, vyeusi, vikubwa, hata mtoto angeviona. Mbele ya mashahidi wote wa koo mbili nilikuwa nimemwandika Adey kwa jina la Hirsi.

Kama ningenyamaza pengine ingegeuka mzaha. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kukaa nyumba moja. Nikaanza kupayuka, "Ni karatasi ya gundi, adeer! Ni pasi! Ukipiga pasi inageuka!" Wakanitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Nikachukua leso ya karatasi mezani, nikaazima kalamu, nikachora ngamia, nikaigeuza juu ya mwanga waone. Mzee mmoja wa upande wao akauliza polepole, "Kwa hiyo usipogeuza ni wa Hirsi, ukigeuza ni wa Gedi?" Turubai zima likaangua kicheko, na nilijua kwamba nimeharibu zaidi.

Abti akasema, kwa sauti ya chini, "Ngamia yuko hai, Hirsi. Nenda ukamtazame shingo."

"Chapa huwekwa na aliyeshika chuma," Mzee Hirsi akajibu. "Chuma kilikuwa mkononi mwako. Lakini mtoto uliyemlea, hakuna aliyemwambia aseme nini, na mkono wake umesema." Kisha akamwita mpiga picha wa kukodi, mtu wa Mwingi asiyejua hata tunagombania nini, akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe mtu ya bicha, kuja hapa. Chukua hii shingo. Chukua fizuri." Na yule maskini akapiga picha, akaniambia hata mimi nisogee karibu na kazi yangu, nitabasamu kidogo.

Baada ya hapo sauti zikapanda. Vijana wa pande zote wakasimama, fimbo zikatafutwa chini ya viti, wa kwao wakasema hawawezi kufunga nikahi juu ya mali ya wizi, wa kwetu wakasema aliyetuita wezi atoke uani. Sheikh alikuwa amefika, amesimama langoni na kitabu chake, hajui aingie au arudi. Upande wa wanawake Ifrah alikuwa amekaa na hina yake mbichi mikononi, hawezi hata kujifuta machozi, na mama yangu akanitazama mara moja tu. Sikuwahi kutazamwa hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Garissa, pamoja na nyufa zake zote, haikupasuka.

Abti akainuka. Alivua ile kofia mpya, akaishika mkononi. "Hapa hakuna mwizi," akasema. "Adey nimempa binti yangu aende naye kwa mumewe. Akifika kwenu, mpigeni chapa upande mnaoutaka."

Fimbo zikarudi chini ya viti. Mzee Hirsi akatazama chini, nafikiri hata yeye aliona aibu kidogo, lakini hakuiona ya kutosha. "Na mabinti zake?" akauliza.

Abti akaikunjakunja ile kofia mkononi. Nikaomba aseme hapana. Aseme tu hapana.

"Mtoto humfuata mama," akasema, akakaa.

Nikahi ikafungwa. Wali ukaliwa, watu wakapongezana, na kabla ya alasiri picha yangu nimesimama kando ya shingo ya Adey, nimetabasamu (ndiyo, nilitabasamu, mtu akikuambia tabasamu mdomo hutii wenyewe), ilikuwa kwenye simu ya kila jamaa yetu kuanzia Hulugho hadi Dadaab. Ifrah hakulichukua blanketi. Alilipita pale kwenye kamba, akapanda gari.

Abti sasa anaishi hapa mjini kwa mama. Mtu wa ngamia bila ngamia hana la kufanya Garissa. Kabla ya alfajiri huamka na kutoka uani, anasimama, kisha anakumbuka hakuna wa kukama, anarudi ndani. Hajawahi kunilaumu. Ningefurahi anitukane, avunje hata hiyo cherehani, lakini yeye huniuliza tu kama nimekula. Mimi ngamia sishoni tena, hata mteja anisujudie, na mchoro wowote, hata wa kuku, nauweka kwenye kioo kwanza. Faida yake sasa ni nini, sijui. Adey ana makovu mawili, la kushoto la zamani na la kulia jipya.

Juzi niliingia chumbani kwa Abti kumpelekea chai, nikamkuta amelala mchana na lile blanketi amejifunika, lakini amelifunika ndani nje, viraka vyote vimeangalia chini na juu pamebaki kitambaa kitupu. Nikasema moyoni, maskini, macho yake nayo yanaanza kwenda, nikainama nimgeuzie.

"Liache," akasema. Hakuwa amelala. "Hivi ndivyo alivyo."

Ndipo nikaona. Ule uzi wangu wa kahawia uliopita hadi nyuma ulikuwa umemchora Adey kwenye kitambaa kitupu, kichwa, nundu na miguu, na alikuwa anatazama kushoto. Shingoni uzi mweusi nao ulikuwa umetoboa, mstari na kitone chini yake, upande wa kushoto, pale Abti alipomchoma. Nikaweka chai chini, nikatoka nje kulia.