Viti Vilivyobaki Gerejini

Mimi hukodisha viti. Vya plastiki, vyeupe, pamoja na vichache vya bluu nilivyovitenga kwa ajili ya misiba mpaka watu wakaanza kuvidai kwenye arusi pia. Ninavitunza katika gereji niliyopanga hapa mtaa wa Tshopo, gereji ambayo haijawahi kuona gari. Mwenye nyumba anaishi Poto, huko Ulaya. Alipokuja likizo mara ya mwisho alileta kwenye kontena mlango wa bati unaopandishwa na mota. Unabonyeza telekomandi kama mtu anayebadilisha chaneli ya televisheni. Halafu, kwa kuogopa wezi, akaziba kwa matofali kamlango ka pembeni. Nilimwuliza: siku umeme ukikataa, nitaingilia wapi? Akajibu kwamba kule Poto umeme haukatai. Swali lile lilinipatia punguzo kidogo la kodi, kwa hiyo sikulirudia.

Jumamosi moja viti vyote vilikuwa vya mama mmoja jirani, nyumba ya nne kutoka gerejini, aliyekuwa anamwoza binti yake wa pili. Watu wa bwana arusi walikuwa wametoka Ubundu kwa treni, wakalala ng'ambo, na asubuhi ile walikuwa wanavuka mto. Saa nne walitakiwa wawe wameketi. Mama alinikumbusha hilo kila tulipopatana bei, na tulipatana mara tatu. Alipomwoza binti wa kwanza, viti vya mtu mwingine vilichelewa, wakwe wakasimama juani. Mpaka leo wakwe wale wakija kumsalimia, huuliza mlangoni kama safari hii kuna mahali pa kukaa. Wanauliza huku wanacheka, na ndicho kinachomuuma zaidi.

Saa mbili nikabonyeza telekomandi. Mlango ukanguruma ndani kwa ndani, mmmm, kama mtu anayefikiria jibu, kisha ukanyamaza. Nikabonyeza tena. Mmmm.

Nilianza na kitu cha bei nafuu: nikabadilisha betri za telekomandi. Mmmm. Nikawaza labda viti vimeanguka na kuegemea mlango, nikalala kifudifudi na kumulika kwa simu kwenye upenyo wa chini. Marundo yalikuwa yamesimama wima, mbali na mlango. Niliyahesabu. Nikayahesabu tena, maana nilikuwa nimeshalala chini na nguo imeshachafuka.

Nikampigia mwenye nyumba.

"Bonyeza muda murefu," akasema.

"Tonton, nimebonyeza mpaka kidole inaomba likizo."

"Bon. Kuna kamba nyekundu. Ukiivuta, mota inaachilia mulango, unapandisha na mukono tu."

"Kamba iko wapi?"

"Ndani."

Nikaukagua mlango upya kwa nje, huku simu ikila pesa yangu.

"Na hii tundu ya ufunguo iko hapa inje?"

"Ile ni ya kuvutia kamba kama uko inje. Ufunguo yake niko nayo hapa."

"Basi itunze vizuri, tonton."

Fundi wa umeme alifika kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli na mkoba mapajani. Akaweka kiganja kwenye bati, akaniambia nibonyeze mara moja tu, akasikiliza.

"Mota ni muzima. Courant ya umeme ndiyo kidogo, haina nguvu ya kubeba mulango. Na usibonyeze tena, mama. Inapata moto ndani, ukiilazimisha itaungua. Acha ipowe kwanza. Mangaribi courant itapanda."

"Mangaribi arusi itakuwa imeisha. Hauwezi kukata bati?"

"Kukata naweza. Lakini mashine yangu ya kukata inataka courant ile ile."

Ndipo nikatazama taa iliyo juu ya mlango, ambayo mlinzi wangu wa gereji hasahau kuiwasha wala hakumbuki kuizima. Ilikuwa nyekundu kama kaa linalokufa. Na barabara yetu yote ilikuwa inanuka vitunguu. Mama yule hakuwa na uwanja wa kutosha sufuria zake, basi alikuwa amezigawa kwa majirani, kila nyumba sufuria moja na resho yake, jiko la umeme. Pilau huku, sombe ya majani ya muhogo kule, lituma ya ndizi za kupondwa nyumba inayofuata. Wote tunakula kwenye waya mmoja. Aliyekuwa anavisubiri viti ndiye aliyekuwa anavifungia mlango kwa mapishi yake.

Nilimkuta mama huyo anaonja chumvi.

"Viti viko wapi?"

"Viko gerejini. Mulango unakataa sababu ya resho zako, mama. Uzime zote kidogo."

Akanitazama kama mtu aliyekuja kuomba nyama kabla ya wageni.

"Resho yangu na mulango yako vinajuana wapi?"

"Kwenye waya. Zima hii moja, uangalie taa."

Akazima. Taa ya barazani kwake ikapungua wekundu kidogo tu, lakini ikapungua. Mama alifanya biashara ya vitenge miaka mingi. Ukimwonyesha kipimo, habishani na kipimo, anabishana na bei.

"Sombe nitaitoa. Iko karibu kuiva."

"Haitoshi."

"Na lituma."

"Na nyama."

"Nyama nitaitoa. Pilau, hapana. Muchele imeanza sasa hivi kunywa maji. Nikiitoa itakuwa mawe."

"Pilau ni sufuria tatu, mama. Zile ndizo zinakula zaidi."

"Basi leta viti kumi tu, vya wazee."

"Hata kimoja hakipiti chini ya mulango uliofungwa."

Akasimama na mwiko mkononi. Simu yake ikalia: mtoto wa dada yake, kutoka kivukoni, anasema wageni wameshashuka na wanatafuta usafiri. Akaifunga simu. Alikitazama kile kiwanja kilichofagiliwa, kimewekewa maturubai juu, na chini hamna kitu.

"Muchele mubichi nitaomba musamaha," akasema. "Batu kusimama tena, ile hakuna musamaha. Toa zote."

Tukapita nyumba kwa nyumba. Kuna waliotii, kuna waliotaka kwanza tuwaeleze umeme ni nini. Sufuria za pilau zikashushwa, zikafunikwa, zikawekewa makaa kidogo juu ya vifuniko. Nikarudi gerejini. Taa ilikuwa ya manjano. Fundi akatikisa kichwa: bado.

Nikahesabu nyumba upya kwa vidole. Nilikuwa nimehesabu zenye sufuria. Nyumba moja haikuwa na sufuria, ilikuwa na bibi arusi, na mashangazi wawili wenye pasi, mmoja kwenye gauni, mwingine kwenye vitambaa vya vichwa. Huko nilimtuma mama mwenyewe. Sikusikia maneno yote, ila nilisikia "wakwe zako" na "mikunjo haionekani ukikaa". Punde taa ikawa nyeupe.

"Sasa," akasema fundi. "Mara moja."

Mmmm. Halafu mlango ukajikakamua, ukapanda. Ukafika magotini, ukafika kiunoni, taa ikarudi manjano, mlango ukasimama pale pale. Kwenye barabara yetu kulikuwa na mtu aliyewasha resho tena, mwenye huruma na mchele kuliko na wakwe, na hatukuwa na muda wa kumtafuta.

Kiunoni panatosha. Mlinzi na fundi waliingia wakiwa wameinama, wakatusukumia marundo chini ya bati kama mikate inayotoka tanurini. Tolekisti wanne waliyafunga kwenye baiskeli zao. Rundo la mwisho lilikuwa bado linapangwa wakati wazee wa Ubundu wanaingia uwanjani. Mzee wa mbele, baba mkubwa wa bwana arusi, alikuta kiti chake kimemsubiri. Akaketi, akavuta kanzu, akaegemea. Nilimwona mama anashusha mabega.

Ndoa ilifungwa. Resho zilikuwa zimewashwa tena, lakini mchele uliokatizwa hausahau. Pilau ilipofika ilikuwa imeiva nje tu. Baba mkubwa akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Watu waliokuwa karibu naye wakashika sahani bila kula.

"Mama," akasema mwishowe, "hii muchele iko na nguvu."

"Ndiyo, papa. Nisamehe." Mama akamsogelea na birika la maji. "Na kukaa? Unakaa vizuri?"

Mzee akajinyoosha kitini, akaupima mgongo wake.

"Kukaa, vizuri sana."

"Bon. Basi kula polepole."

Mzee akacheka, akasukuma pilau pembeni, akaomba aletewe lituma.