Tairi Moja kwa Mafundi Wawili

Kampuni yetu ya ndege ilipobaki na ndege moja tu inayoruka, sisi mafundi tulianza kutazamana kama wake wenza. Kabla ya vita hanga lilijaa watu hadi chai tukainywa kwa zamu. Kisha marubani wa kigeni wakaondoka, wasichana wa tiketi wakapewa likizo isiyo na mshahara, na nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, hata vipuri vikaacha kuja. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya waliopunguzwa ilibandikwa mlangoni. Mimi niliisoma kutoka chini kwenda juu.

Watu wengi hawajui kwamba fundi wa ndege asiyeshika kazi hupoteza leseni. Kila mmoja wetu alihitaji kazi kadhaa zilizosainiwa katika kitabu chake kabla ya muda kwisha. Basi ile ndege moja tukaigombania: leo wewe ubadilishe taa, kesho mimi chujio la mafuta. Sidhani kama kuna ndege iliyowahi kukaguliwa kwa mapenzi namna ile.

Mwishowe tukabaki wawili tuliopungukiwa saini moja: mimi na mzee aliyenifundisha kazi, jirani yangu katika mtaa wa Gihosha. Kulikuwa na tairi moja la kubadilisha, na baada ya hilo hapakuwa na kazi nyingine mpaka leseni zetu zife. Shefu, mkuu wetu wa hanga, alisema tulibadilishe pamoja, naye atasaini vitabu vyote viwili.

Asubuhi ya siku ya kulibadilisha risasi zilianza kulia milimani kabla hatujanywa chai. Watoto walijificha chini ya kitanda. Mke wangu alinishika mkono, nikamwambia njia ikifungwa nimekwisha. Nikatoka mbio, roho mkononi, nikamwacha amesimama mlangoni.

Hangani shefu alitazama saa.

"Tumungoje muzee?"

Ndege ingeondoka adhuhuri, kwa hiyo muda ulikuwepo. Lakini woga ulikuwa umenijaa. Niliogopa ndege isije ikafutiwa safari tukingoja. Niliogopa zaidi kwamba shefu akimwona mzee atabadili mawazo, ampe yeye peke yake ile saini. Mwamba ngozi huvutia kwake.

"Apana, shefu," nikasema. "Njia ya Gihosha wamefunga. Hatakuya."

Njia hiyo nilikuwa nimetoka kuipita kwa miguu yangu mwenyewe. Nikalifunga tairi peke yangu, nati moja ikaniponyoka mara tatu. Shefu akasaini kitabu changu, akanirudishia.

Mzee alifika nikifuta grisi mikononi. Alikuja kwa miguu, kiatu kimoja kimepasuka ubavuni. Alilitazama tairi, akanitazama mimi, na nadhani alielewa papo hapo. Hata hivyo alichukua spana, akainama, akazipima nati moja moja jinsi alivyonifundisha miaka ile.

"Umefunga muzuri, mudogo wangu," akasema. Kisha akamgeukia shefu kuomba radhi kwa kuchelewa. "Nilikuwa napita kwa huyu, nikasikia watoto yake wanalia. Mama yao alikuwa anatetemeka, hawezi hata kufunga mulango. Nikabaki nao mupaka masasi ya kule milimani ikanyamaza."

Shefu alinikazia macho. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ningeweza kusema ukweli pale pale, nimwombe shefu asaini na kitabu cha mzee, maana wino ulikuwepo na kitabu chenyewe kilikuwepo. Nikainama, nikajifanya naangalia upepo wa tairi.

Mwisho wa mwezi jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya mlangoni, na langu halikuwemo. Mke wangu aliposikia alilia, akapika chungu kizima cha maharagwe na ndizi, akanitaka twende wote kumpa pole yule mzee aliyekaa na wanangu. Nilimwambia atangulie, nitamfuata.

Sikumfuata.